Neno la siri limebadilika chini, ghorofani bado lilelile

SWALI: Shikamoo Mzee wa Nyaya. Nina gesti ya ghorofa moja hapa Mwanza. Chini kuna ruta ya kampuni ya intaneti. Juu, fundi alifunga darini kisahani cheupe cha kurushia waifai, akaniachia karatasi yenye namba 192.168.0.254. Nikiiandika kwenye kivinjari cha simu, ukurasa haufunguki. Nilijaribu 192.168.1.1, ukafunguka, nikabadili neno la siri la waifai. Chini limebadilika, lakini juu watu wanaingia kwa lile la zamani, hata wasiolala kwangu. Fundi hapokei simu.
– Mwenye gesti, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichofungua ni ruta. Kisahani kina ukurasa wake na neno lake la siri. Ukibadili chini, chenyewe hakina habari.

Fundi hakukudanganya. Hiyo ni anwani ya kiwandani, ambayo baadhi ya vifaa hivyo huishika pale tu vinapokosa wa kuvipa nyingine. Chako kimechomekwa kwenye ruta, na ruta kazi yake ni kugawa anwani. Za kwako zinaanza na 192.168.1, basi bila shaka nacho kimepewa ya ukoo huo.

Zima data ya simu, ubaki kwenye waifai. Ingia tena kwenye ruta, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ruta nyingi huiweka penye neno DHCP. Kisha panda ngazi, zungusha kisahani kitoke kwenye kishikio chake bila kuchomoa waya. Mgongoni kuna kibandiko chenye MAC, yaani tarakimu na herufi 12. Ilinganishe na orodha. Anwani iliyo kando yake ndiyo unayoitaka. Ukiwa hapohapo kwenye ruta, iamuru ikipe kisahani anwani hiyo siku zote, maana la sivyo inaweza kubadilika na utaanza kuitafuta upya.

Iandike ukitanguliza https://. Kivinjari kitalalamika kwamba ukurasa si salama. Hapa endelea tu: kifaa kimejitengenezea cheti chenyewe, wala hakuna mtu wa nje aliyekithibitisha. Onyo hilohilo likitokea kwenye ukurasa wa benki, toka mbio.

Utaulizwa jina na neno la siri la msimamizi, ambalo si lile wanalopewa wageni. Jaribu admin kote kuwili, kwenye jina na kwenye neno la siri. Likikubali, fundi wako alikuwa na haraka ya kulipwa. Likikataa, piga picha jina la waifai na mipangilio yoyote unayoijua, kisha bonyeza kitufe cha reset kwa pini, umeme ukiwa umewaka, kama sekunde 10 hadi taa ibadilike. Kila kitu kitafutika na utapanga upya.

Ukiingia, badili kwanza neno la msimamizi, ndipo la waifai, na penye aina ya ulinzi wa waifai uchague WPA2 au WPA3. Wageni wawekee mtandao wao wa pembeni, usiofika kwenye kurasa hizi, vinginevyo kijana mdadisi wa chumba namba tatu atakusimamia wewe. Na kama ruta inarusha waifai ya masafa ya 2.4 GHz kwenye chaneli 1, kisahani kipe 6 au 11 visigombane.