Wadogo zangu wa SkillsUSA, semeni

Mashindano ya jimbo ya SkillsUSA, klabu ya wanafunzi wanaosomea ufundi, yakikaribia huwa nawaangalia wadogo zangu mnaozungumza Kiswahili kwenye shule za ufundi huku Marekani, na kila mwaka ni yale yale. Kazi mnaijua: waya mnavuta, chuma mnachomelea, walio HOSA, klabu ya wanaosomea kazi za afya, mnapima presha bila kubahatisha. Kikao cha klabu kikianza, mnajipanga kiti cha nyuma kabisa, kimya, mnasubiri pizza. Inaniuma, maana uwezo wenu naujua.

1. Klabu ni somo. SkillsUSA ilianzishwa mwaka 1965 mjini Nashville, enzi hizo ikiitwa VICA, na leo mfumo wake unasimama juu ya mambo matatu: mwenendo wako mwenyewe, namna unavyofanya kazi na wenzako, na ufundi. Ninyi mnalishika la tatu tu. Mwajiri anataka yote.

2. Eleza unachofanya. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna kijana wetu mmoja wa umeme aliingia shindano la kuonyesha stadi ya kazi, lile la dakika tano hadi saba mbele ya majaji. Alichagua kufunga soketi. Aliichuna waya bila kuikwaruza shaba, akaikunja ncha kama ndoano, akaizungusha kwenye skrubu kufuata mwelekeo wa saa. Nyeusi kwenye skrubu ya rangi ya shaba, nyeupe kwenye ya fedha, ya ardhi kwenye ya kijani. Kazi safi kabisa. Na muda wote huo hakutamka neno! Jaji mmoja aliinua kalamu, akaangalia fomu, akaishusha. Sehemu ya maelezo haikuwa na cha kuandikwa. Mwishoni kijana akasema “Finished, sir”, akainamisha kichwa.

Nilipomfuata nje nikamuuliza: kwa nini waya inazungushwa upande ule? Akanijibu papo hapo, kwa Kiswahili, kwamba skrubu ikikazwa inaivuta waya ndani, na ukiigeuza itasukumwa nje, italegea, itapata moto. Sentensi moja! Angeisema mle ndani, majaji wangejua anajua. Na kutoka jimboni ni mshindi wa kwanza ndiye anayekwenda fainali za taifa Atlanta.

Najua kilichomfunga. Tumelelewa kutomkazia macho mtu mzima, na hiyo ni adabu, sisemi muitupe. Ila jaji wa huku akiona macho chini na mdomo umefungwa, anaandika kwamba mtoto hajui. Basi fanyeni hivi: mikono ikiwa kazini, macho yawe kwenye kazi na mdomo ueleze sababu ya kila hatua, hatua ikiisha, inua uso. Nyumbani mweleze bibi kwanza, kwa Kiswahili. Kama kwa Kiswahili haielezeki, bado hujaielewa, na Kiingereza hakitakuokoa.

3. Wasifu wako uwe ukurasa mmoja, lipa ada kabla ya tarehe ya mwisho, na kanuni za mavazi za shindano lako zisome mwenyewe badala ya kumuuliza rafiki.

4. Kwenye kikao, anza na “naunga mkono hoja”. Ni maneno machache, na yakishakutoka mara ya kwanza, kutoa hoja yako mwenyewe hakutakutisha. Halafu gombea ukatibu. Wengi wenu mnaukwepa kwa sababu ya Kiingereza, ilhali kuandika kumbukumbu za kikao ndiko kunakolazimisha Kiingereza kikae kichwani. Msichana mmoja wa kwetu aliyeanza akiandika nusu Kiswahili, mlezi wa klabu akimsahihishia, sasa ndiye anayewasomea wenzake kumbukumbu hizo bila kusita. Wenzenu wa FFA, klabu ya wanafunzi wa kilimo, wale wa majaketi ya bluu, mambo ya uendeshaji wa vikao wanayafanyia hata mashindano.

5. Wazazi waambieni mapema. Baba akisikia leo kwamba kesho kutwa binti yake analala hotelini mji mwingine, atakataa, na ana haki. Mpelekeeni fomu ya ruhusa wiki kadhaa kabla, mwombeni mlezi ampigie simu, amtajie watu wazima watakaosafiri nanyi na vyumba vitakavyogawanywa. Na mkalimani wa simu hiyo asiwe wewe; shule iombwe kumtafuta, la sivyo baba atadhani unatafsiri kwa faida yako.