Jambalaya ya kahawia, wali wa sufuria moja kwa siku za baridi

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, Kanada na kwingine kwenye baridi, kipindi hiki ukirudi kazini vidole vimekufa ganzi huna hamu ya kusimama jikoni na sufuria tatu, unataka kitu kimoja kizito, cha moto, nyama na wali humo humo, na kesho kibaki cha kubeba kazini. Mi napika jambalaya. Niko Houston, huku watu wa Louisiana wamejaa manake ni jimbo la jirani tu, na aliyenifundisha ni mama mmoja jirani yangu, mwenyeji wa upande wa Lafayette, kwa Wacajun wenyewe.

Jambalaya zipo mbili. Ile nyekundu ya nyanya ni ya Wakrioli, wenyeji wa mji wa New Orleans wenye asili mchanganyiko, ndo mnayoiona sana mahotelini. Ya Wacajun ni ya kahawia, nyanya haiingii. Wazee wao walikuwa Wafaransa wa Acadia, Nova Scotia ya leo, Waingereza wakaanza kuwafukuza mwaka 1755, na baadae wengi wakaja kutulia kusini mwa Louisiana, wakawa wanapikia kwenye sufuria la chuma chochote kilichopo, nguruwe, kuku, ndege wa kuwinda, soseji ya moshi. Na mchele unalimwa hapo hapo, ukipita Crowley unayaona mashamba ya mpunga. Mji wa Gonzales una tamasha la jambalaya tangu 1968 na washindani mpaka leo wanapika kwa kuni.

Sasa rangi inatoka wapi kama hakuna nyanya? Anayejua pilau atanielewa upesi, pale unapokaanga kitunguu ndo unaamua pilau yako itakuwaje. Huku rangi inaanzia kwenye nyama.

Chukua sufuria zito, la chuma likiwepo ndo bora zaidi, hizi nyepesi zinaunguza. Soseji ya moshi kama gramu 400 kata vipande vya duara, weka na mafuta kidogo, moto wa kati, iache iive rangi pande zote halafu itoe. Andouille, soseji yao ya moshi, ni ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu na wote msiokula nguruwe tafuteni ya ng'ombe au ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, nimeshapika kwa ya ng'ombe na ladha inakuja vizuri tu, cha muhimu ni ule moshi. Kwenye mafuta yale yale weka mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, kama gramu 700, yapangusie maji kwanza na usiyajaze yote kwa mpigo, kuku akibanana anatoa maji na hapo unakuwa unachemsha badala ya kukaanga. Usimgeuzegeuze. Acha agande kidogo chini, akishaiva rangi anaachia mwenyewe.

Ukimtoa utaona chini ya sufuria pameshika tabaka la kahawia, linang'aa, linanukia nyama choma. Msilioshe hilo jamani, hilo ndo jambalaya yenyewe! Likiwa jeusi limeungua na litaleta uchungu, likiwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea uko sawa. Mwaga humo vitunguu maji viwili vikubwa, pilipili hoho ya kijani moja na selari mabua mawili matatu, vyote umekata vidogo. Hivyo vitatu kwa Wacajun haviachani. Vitatoa maji, na hayo maji ndo yatalegeza lile tabaka, we kwangua kwa mwiko huku unakoroga, likianza kushika tena tia supu kijiko kimoja ukwangue tena. Hapa usiwe na haraka, dakika 15 mpaka 20, vitunguu viwe vimelainika na kugeuka kahawia. Mwisho kitunguu saumu punje nne, kaanga kidogo tu.

Rudisha nyama zote, weka thaimu kavu kijiko cha chai, jani la bay, pilipili manga, na pilipili kali ya unga kadiri ya ubavu wako, kama kuna watoto anza na robo kijiko. Supu ya kuku vikombe vitatu na nusu kwa mchele vikombe viwili, mchele mrefu wa kawaida, basmati unavunjika kirahisi na huu wali unahitaji punje inayostahimili. Kabla mchele haujaingia onja ile supu, iwe imezidi chumvi kidogo sana mdomoni kwa sababu mchele utainywa yote, ila onja kwanza kabla ya kuongeza, soseji ina chumvi yake.

Ikichemka tia mchele, koroga mara moja, ichemke tena, kisha punguza moto mpaka chini kabisa na ufunike. Dakika 25 usifunue. Mvuke ukitoka, mchele wa juu unabaki na kiini. Zima, acha imefunikwa dakika 10 nyingine, ndo ufunue, uchambue kwa uma kutoka pembeni na unyunyize majani ya vitunguu. Ukoko kidogo chini si tatizo, kwangu ndo unagombaniwa.

Inatosha watu sita. Inayobaki usiilaze juu ya jiko eti kwa sababu nje kuna baridi, ndani tumewasha hita na wali uliopoa taratibu unaota bakteria, itandaze kwenye vyombo vifupi ipoe upesi na iingie friji ndani ya saa mbili. Kesho yake tia maji vijiko viwili, funika, pasha mpaka itoe moshi.