Msilale kando ya chemchemi ya maji moto: nililala, nawaeleza yaliyotupata

Mleta uzi anasema wako watatu, wanakwenda kulala usiku tatu kwenye msitu wa mvua wenye chemchemi ya maji moto. Wamesikia kwamba ardhi ya karibu na maji hubaki na joto usiku kucha, sasa anauliza: wakisimamisha hema palepale, si wataacha mabegi ya kulalia nyumbani wapunguze mzigo? Wachangiaji wengi wamemjibu kuhusu mbu na nyoka, na wamejibu vizuri. Mimi nataka kushika swali lenyewe, kwa sababu niliwahi kufanya jambo hilohilo, na nusura tumpoteze mwenzetu.

Jibu langu ni hapana. Msilale hapo.

Sisi pia tulikuwa watatu, pamoja na mzee mmoja aliyeufahamu msitu ule tangu utotoni. Tulifika jioni tumelowa chapachapa, mvua imetupiga njia nzima. Mzee akashuka kijitoni kuteka maji, akatuacha tutafute pa kulala. Tukaona kibonde kidogo, kimekaa kama sinia, hatua chache kutoka kwenye dimbwi la maji moto. Msitu mzima umesongamana, lakini pale hakuna hata unyasi, ardhi tupu, tambarare, na ukiweka kiganja chini unasikia uvuguvugu. Mtu aliyetetemeka saa nne mfululizo akikuta mahali kama hapo haulizi maswali. Tukasimamisha hema haraka haraka.

Mzee aliporudi giza lilikuwa limeshaingia. Akatazama, akasema, "Wanangu, hapo si pa kulala. Pandeni huku juu." Tukamwomba atuache mpaka asubuhi, tumechoka. Hakubishana sana. Akafunga turubai yake juu kwenye mteremko, lakini tochi yake niliiona ikimulika upande wetu mara kadhaa kabla sijasinzia.

Kama saa nane usiku niliamka kichwa kinagonga kama kimefungwa kamba. Moyo unakwenda mbio, na nahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima, wakati nilikuwa nimelala chali. Nikamtikisa wa kulia kwangu, akaamka analalamika kichwa vilevile. Wa tatu, aliyelala sehemu ya chini kabisa ya kibonde, tulimwita akaitika kama mlevi, maneno hayashikani. Nikapiga kelele. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni kabla sijamaliza kumwita jina. Tukamburura mwenzetu kwa mikono, kila kitu tukakiacha kama kilivyo. Tulipanda kama hatua thelathini tu. Thelathini! Upepo mdogo ukatupiga usoni, na baada ya robo saa hivi kichwa kikaanza kuachia. Mwenzetu alitapika, kisha akaanza kuongea kama yeye.

Asubuhi, upepo ulipoanza kuvuma, tulirudi kuchukua vitu. Nondo walikuwa wametapakaa kuzunguka hema, wengi, kama makapi. Pembeni kidogo alikuwepo panya wa msituni, amelala ubavu, hana jeraha hata moja, macho wazi. Pete ya fedha ya mwenzangu, ambayo jana yake iling'aa, ilikuwa nyeusi kama imepakwa masizi.

Ile pete ilieleza gesi moja na yule panya alieleza nyingine. Iliyoifanya fedha kuwa nyeusi ni haidrojeni salfaidi, ndiyo yenye harufu ya yai viza mnayoisikia mkikaribia chemchemi. Watu hudhani maadamu pua inasikia harufu basi watajua hatari ikija. Si hivyo. Pua huizoea, na gesi ikiwa nyingi inaua kabisa uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikitoweka ghafla hilo si jambo la kushukuru, ni la kuondoka. Gesi ya pili ni hewa ukaa. Haina harufu wala rangi, na ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Inatoka kwenye nyufa za ardhi, inateremka, inajaa mahali pa chini kama maji yanavyojaa bakuli. Mchana upepo na jua huitawanya. Usiku hewa ikitulia, inatuama. Na mtu aliyelala chini ndiye mwenye pua karibu nayo kuliko wote.

Kwa jambo hili Kiswahili kina neno lake, na linanigusa kila nikilikumbuka. Watu wa Goma, kandokando ya Ziwa Kivu, wanaita sehemu za namna hiyo mazuku. Wataalamu wa volkano wa mataifa mengine wamelichukua neno hilohilo na kulitumia kwenye maandishi yao. Wale walioishi juu ya ardhi hiyo walikuwa wameshalitambua jambo na kulipa jina. Na kama kuna anayedhani hewa ukaa ni jambo dogo, asome habari za Ziwa Nyos, Kamerun, Agosti 1986. Ziwa si chemchemi, lakini gesi ni ileile: ilitoka majini usiku, ikateremka mabondeni, wakafa watu wapatao 1,700, wengi wao usingizini.

Sasa ile ardhi tupu tuliyoifurahia. Kwenye msitu wa mvua kila kipande cha udongo kina kitu kinachoota. Ukiona mahali hapajaota kitu, au miti imekauka imesimama huku majirani zake ni mibichi, jua kuna sababu: joto, gesi, au vyote viwili. Kuna na hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni gamba. Maji moto hutoka na madini, yakipoa huyaacha pembeni, yanajenga tabaka gumu jeupe au la kijivu linalofanana na mwamba. Chini yake kunaweza kuwa na maji yanayochemka, na gamba lenyewe ni jembamba. Yellowstone kule Marekani wamejenga njia za mbao juu ya ardhi ya namna hiyo na kutoka nje ya njia ni marufuku, kwani zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua kwenye chemchemi za hifadhi ile. Sempaya nayo, ndani ya msitu wa Semuliki nchini Uganda, maji yake yanaivisha yai. Pale ni pa kutazama, si pa kuoga.

Basi hema liwekwe wapi? Juu ya usawa wa chemchemi, kwenye mteremko au mgongo wa kilima, mahali ambapo ukisimama unasikia upepo shavuni. Siyo kibondeni hata kama chemchemi iko mbali kidogo, maana gesi hufuata mteremko. Kuna watu hupima kwa kushusha kiberiti chini waone kama moto utazimika. Msiutegemee mtindo huo. Moto unaozimika maana yake mmeshachelewa, na moto unaowaka hauthibitishi kitu, kwa sababu hewa ukaa huanza kumdhuru mtu kabla haijatosha kuzima njiti.

Ukishapata mahali pa juu, tazama tena juu. Kwenye msitu wa mvua miti hubeba matawi makavu mazito yaliyonyonya maji, nayo huanguka usiku bila upepo wowote. Mimi huwa nazunguka na tochi nikimulika kila tawi juu ya hema. Halafu tazama mto. Mvua inaweza kunyesha milimani msiisikie kabisa, na maji yakawafikia usiku. Tafuteni majani na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka kando ya mto: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho, nanyi mlale juu zaidi ya hapo.

Mabegi ya kulalia bebeni. Tena msitu wa mvua unadanganya: mchana unatoka jasho, alfajiri unatetemeka. Mtu aliyetoka kwenye maji moto hupoteza joto haraka kuliko aliyekuwa mkavu, kwa sababu mishipa ya ngozi imefunguka. Chagueni begi lenye nyuzi za kutengenezwa, si la manyoya ya ndege, kwa maana manyoya yakilowa yanashikana madonge na hayahifadhi joto tena. Kila mtu awe na nguo za kulalia zilizofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na nguo hizo zisivaliwe kwa kazi nyingine yoyote, hata mvua ikikatika na jua likawaka. Asubuhi unazivua unarudia zile mbichi. Inauma, lakini usiku wa pili utakuwa mkavu. Turubai lifungwe kwanza kabla ya kutoa kitu chochote begini, hema lifuate chini yake. Acheni nafasi ya upepo pande mbili, la sivyo mvuke wa pumzi zenu utawadondokea usiku kucha.

Kuoga ogeni, ndicho mlichofuata, na sitaki mtu asome haya akakosa raha ile. Alfajiri ukiwa ndani ya maji hadi mabegani, ukungu unapanda kutoka dimbwini unakutana na ukungu wa msitu, matone ya mvua yanakupiga usoni yakiwa baridi na mwili mzima uko kwenye joto, kwa kweli sijapata kitu cha kufananisha. Ila nendeni na kipimajoto. Nyuzi 38 hadi 40 ni za kuoga, na robo saa inatosha kwa mkupuo mmoja, kisha toka unywe maji. Zikifika 60, ngozi inaungua ndani ya sekunde chache. Na msipime mara moja mkaridhika. Pale mto baridi unapochanganyika na maji moto, mvua ikikatika na mto ukipungua, dimbwi lililokuwa zuri jana leo linaunguza.

Pimeni na chini pia. Mwenzangu mmoja aliingia kwenye maji mazuri kabisa, akakaa, akaanza kuchimba mchanga kwa vidole vya miguu kama watu wanavyofanya ufukweni. Akaruka na yowe. Kumbe maji moto yalikuwa yakitokea palepale chini ya mchanga, na juu yalikuwa yamepozwa na mto. Malengelenge yalimtoka kwenye vidole vitatu na safari ya kurudi aliitembea kwa kisigino.

Kichwa kisizamishwe. Kuna ameba iitwayo Naegleria fowleri, inaishi kwenye maji matamu ya vuguvugu na hustawi hata kwenye nyuzi 46. Huingia kwa njia ya pua hadi kwenye ubongo. Wanaoipata ni wachache sana, lakini karibu wote hufa. Pua ikibaki juu ya maji, hamna shida na hilo. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza, na pombe isiingie majini.

Maji ya chemchemi si ya kunywa, hata yakiwa safi kama kioo na hata mkiyachemsha. Mengi yana floraidi au aseniki, na kuchemsha hakuziondoi, kunaongeza ukali kwa vile maji yanapungua na zenyewe zinabaki. Tekeni kijitoni juu ya chemchemi, au kingeni mvua kwa turubai, kisha hayo ndiyo mchemshe. Sabuni isiingie dimbwini. Choo kiwe hatua 80 au zaidi kutoka kwenye maji yoyote, shimo la sentimita 15 hadi 20, mfukie.



Mleta uzi, kama una picha ya mahali mnapokusudia kulala, iweke hapa. Piga ukiwa umesimama kwenye chemchemi ukitazama juu, na nyingine ukiwa juu ukitazama chemchemi, mteremko uonekane. Nitaitazama mwenyewe, na wengine waliowahi kulala maeneo hayo wataongezea. Na kama mnakwenda na mwenyeji akawaambia mhame, hameni usiku huohuo.