Utafiti sokoni au atachimenti ofisini?

SWALI: Niko mwaka wa tatu, nasomea anthropolojia hapa Nairobi. Mhadhiri anataka likizo hii nifanye utafiti mdogo kwa wauza mitumba wa Gikomba. Mzee nyumbani anasema heri nitafute atachimenti (mafunzo ya kazini) ofisini. Utafiti huo utanifaa nini? – Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Utakufaa, mradi ubaki mdogo kweli. Wengi huchukua mada pana kama soko lenyewe, wakarudi na madaftari yaliyojaa na wasijue la kusema. Shika jambo moja: bale (robota la mitumba) ikifunguliwa, nani hupata kamera, yaani zile nguo bora za chaguo la kwanza, na kwa nini yeye? Wauzaji 8 hadi 10 wanatosha, ila umrudie kila mmoja, maana siku ya kwanza utapewa majibu ya mgeni.

Usiulize "Kwa nini unafanya biashara hii?" Utaambiwa "kutafuta riziki", na mazungumzo yamekwisha. Sema, "Nieleze kuhusu bale ya mwisho uliyofungua." Bei, madeni na ugomvi na jirani vitajitokeza vyenyewe. Bale zinapofunguliwa, tazama tu. Wateja wakipungua ndipo uombe kuketi.

Andika madokezo jioni ileile. Ukiyalalia, utabaki na ulichofikiri badala ya ulichoona. Kurekodi ni kwa ruhusa, na saa moja ya sauti yaweza kukuchukua saa tano au zaidi kuiandika, hasa penye kelele za mikokoteni. Sheng iache ilivyo. Ukiinyoosha iwe sanifu umeharibu ushahidi.

Kibali cha maadili cha chuo na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, muulizie mhadhiri mapema, kabla likizo haijaanza. Badilisha majina, na orodha ya namba za simu isikae pamoja na madokezo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa hata wewe mwanafunzi.

Mzee naye ana hoja, lakini atachimenti nyingine ni kupiga fotokopi tu. Ukiomba kusomea uzamili, au kazi kwenye shirika la utafiti, utaulizwa umewahi kukusanya data gani. Ripoti ya kurasa 15 ni jibu, na barua ya mhadhiri aliyeyaona madokezo yako ina uzito kuliko ya anayejua alama zako pekee. Ila kama atachimenti ni sharti la kuhitimu katika kozi yenu, ifanye. Gikomba huamka alfajiri. Waweza kupitia huko kabla ya kuingia ofisini.