Kabla Hujatia Mbolea, Utazame Mmea Kwanza

Mwaridi wangu wa kwanza wa kwenye chungu ulikufa kwa mbolea. Majani ya chini yalianza kuwa ya njano, nami nikaamini una njaa. Nikaunyunyizia punje za NPK, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kijiko kizima cha mezani, na kesho yake nikaongeza kingine. Siku ya nne ncha za majani zilikuwa za kahawia, zimejikunja na kukauka. Nilipoung'oa nikakuta tundu la chungu limeziba, udongo wa chini ni tope linalonuka, na mizizi ni myeusi, inateleza mkononi. Mmea ulikuwa unazama kwenye maji, mimi naulazimisha kula.

Tangu hapo, nikiona jani la njano sikimbilii mfuko wa mbolea. Nachomeka kidole kwenye udongo, nageuza chungu nikague tundu lake, kisha nasoma majani yenyewe. Njano ikianzia kwenye majani makuukuu ya chini na mmea umedumaa, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, maana mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kulisha machanga. Njano ikianzia juu, kwenye machipukizi, huku mishipa ya jani imebaki kijani, shida huwa ni madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila udongo una alikali nyingi, yaani kinyume cha asidi, kiasi kwamba mizizi haiwezi kukichukua. Hapo hata ukimimina NPK gunia zima hutatibu kitu.

Wakati wa kulisha unauona kwenye ncha za matawi. Vichipukizi vikianza kuvimba na majani mapya kufunguka, mmea unakula. Ukiwa umeacha kukua kwa sababu ya baridi, ukame au mwanga hafifu, uache upumzike. Mmea ulionyauka kwa kiu upewe maji leo, mbolea isubiri hadi usimame vizuri. Uliohamishwa juzi nao uuache wiki nne hadi sita, mizizi ijishike kwanza. Hili la kuhamisha watu wengi hulikosea, kwa sababu mkono unawasha kutaka kuusaidia.

Mbolea nyingi za dukani ni chumvi. Zikizidi udongoni, maji hushindwa kuingia kwenye mizizi, na hata yaliyomo ndani huvutwa kutoka. Ndiyo maana mmea huungua hali udongo una unyevu. Kwa hiyo namwagilia maji matupu kwanza, kisha ndipo naweka mbolea, na kwenye vyungu natumia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Mmea wa chungu unategemea kiganja cha udongo, na kila unapomwagilia, sehemu ya virutubisho inatokea chini na maji. Kidogo kidogo kila wiki mbili wakati unakua kunaufaa kuliko kingi kwa mkupuo. Mimea ya ndani ya nyumba, yenye mwanga mdogo, mara moja kwa mwezi inatosha kabisa.

Bustanini mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu udongo wenyewe una akiba. Mimi hutandaza mboji iliyoiva unene wa sentimita tatu hivi mara moja kwa mwaka, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Utajua imeiva ukiishika: haina joto tena, inanuka kama udongo wa msituni, na huwezi kutambua ganda wala jani ulilotupia. Samadi mbichi huunguza mizizi na inaweza kubeba vijidudu vya magonjwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu kuiweka hadi kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Mimi nazifuata hata kwa kitanda kidogo cha mchicha.

Ukitumia mbolea ya kukuzia ya punje, chora mfereji mwembamba chini ya pale matawi yanapoishia, nyunyiza, fukia, mwagilia. Urea hasa usiiache juu ya udongo, naitrojeni yake hugeuka amonia ikapaa hewani. Zile namba tatu zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbolea ni asilimia, na ya kwanza ni ya naitrojeni: mfuko wa kilo 50 wa 20-10-10 una kilo 10 za naitrojeni. Naitrojeni hukuza majani, kwa hiyo inafaa mboga za majani. Ukiimwaga kwenye nyanya utapata kichaka kizuri cha kijani, maua machache, na vidukari wamejazana kwenye machipukizi laini.

Na ukishazidisha? Utaona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu. Kwangua ukoko huo, zibua tundu, kisha pitisha maji safi taratibu, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, yote yachuruzike nje. Usiyaache kwenye sahani, chumvi itapanda tena. Mpilipili wangu niliuokoa hivyo. Majani yaliyoungua hayakurudi kijani, lakini baada ya wiki tatu kijani kibichi kilitokeza kwenye kikonyo kimoja, nikasubiri majani mawili yafunguke, ndipo nikaupa chakula tena, nusu kipimo.