Ukitaka kulichora kanisa la Ranchos de Taos, anzia nyuma

Mara ya kwanza nilipofika Ranchos de Taos nilikosea dakika ile ile niliposhuka garini. Nilikuwa nimetoka Denver, mwendo wa saa tano, daftari la kuchorea na rangi za maji ziko kiti cha nyuma, na bila kutazama huku wala huku nikaenda moja kwa moja mbele ya kanisa. Nikakaa uani, nikachora minara miwili ya kengele, mlango na misalaba. Saa moja baadaye nilikuwa nimemaliza. Vipimo vilikuwa sawa, mistari imenyooka, na mchoro umekufa. Ulifanana na kadi za posta za dukani.

Nimerudi pale mara tatu tangu siku hiyo. Kwa kuwa wasomaji kadhaa wananiuliza namna ya kuchora majengo ya kale, nitaeleza kupitia kanisa hili moja, maana ndilo lililonifundisha.

Jina lake ni San Francisco de Asís, yaani Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Liko jimbo la New Mexico, Marekani, kilomita chache kusini mwa mji wa Taos. Lilijengwa enzi ambazo nchi ile ilikuwa koloni la Hispania chini ya wamisionari Wafransisko, na kufikia mwaka 1816 lilikuwa limekamilika. Kuta zake ni matofali mabichi ya udongo uliochanganywa na nyasi kavu, unene unapita mita moja, na nje zimekandikwa kwa tope. Sisi tuliokulia kwenye tembe kule Singida na Dodoma hatuhitaji kuelezwa zaidi. Siku ya pili yake mvua ilinyesha kidogo, nikasikia harufu ya ukuta ule, nikamkumbuka bibi.

Sasa, zunguka nyuma. Georgia O'Keeffe, mchoraji mashuhuri wa Marekani, alifika Taos mwaka 1929, na kanisa hili likamshika. Baadaye aliandika kwamba wasanii wengi wanaokaa Taos kwa muda hulazimika kulichora, kama wanavyolazimika kuchora sura zao wenyewe. Yeye alichora upande wa mbele mara moja tu. Nyuma alirudia tena na tena, mwaka 1929 na 1930. Ukisimama pale unaelewa kwa nini. Ukuta wa nyuma hauna mlango wala dirisha. Kuna mafungu makubwa ya udongo yaliyoegemezwa ukutani ili usianguke, yamevimba chini na kupungua juu, na anga limekaa juu yake. Mbele, jicho linakimbilia msalaba na kengele, nawe unachora vitu unavyovijua tayari. Nyuma huna cha kukimbilia, inabidi uangalie.

Usianze na mstari wa nje, anza na vivuli. Taos iko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu na kivuli kinakatika kama kwa wembe. Saa sita mchana ukuta ule unakuwa bapa, hata ukichora huambulii kitu. Nenda saa kumi alasiri na kuendelea. Mimi nilipoteza karatasi nyingi nikihangaika na kingo, kumbe ukuta wa kukandikwa kwa mkono hauna kingo. Unapinda polepole kutoka mwangani hadi kivulini, kama bega la mtu. Paka kivuli chote kwanza kwa rangi moja nyepesi, ndani ya dakika tano. Halafu usikifuate tena kinavyosogea, baki na kile cha mwanzo. Mchoro wangu mmoja una kivuli cha saa kumi upande wa kulia na cha saa kumi na mbili upande wa kushoto, na hakuna rangi ya kuuokoa.

Kuhusu kazi za wakubwa, nakushauri uzitazame baada ya kuchora ya kwako. Mimi nilizitazama kabla, na safari nzima ya pili nikajikuta naichora picha ya O'Keeffe badala ya ukuta uliokuwa mbele yangu. Ila ukishachora, kaa nazo kwa muda mrefu. Mpiga picha Ansel Adams alilipiga picha kanisa hili mwaka 1929 hivi, na picha hiyo ikaingia kwenye kitabu kikubwa kuhusu Taos kilichotoka 1930 kwa nakala 108 tu. Mwaka huo huo wa 1930, hapo hapo Taos, mpiga picha mwenzake Paul Strand alimwonyesha negativu zake, na Adams, aliyekuwa bado anasita kati ya piano na kamera, akachagua kamera. Strand naye aliupiga picha ukuta huo huo wa nyuma mwanzoni mwa miaka ya 1930. Weka kazi zao pamoja na za O'Keeffe uone: kwake ukuta ni laini, kama kilima kilichoota pale. Kwenye picha za wale wawili unauona ukwaru wa tope, unatamani kuugusa. Ukuta ni ule ule na miaka ni ile ile.

Kuna kazi moja ya O'Keeffe ninayoipenda kuliko zote, ya mwaka 1929, inayoonyesha kipande tu cha ukuta wa nyuma na anga la buluu. Alisema kwa kipande hicho aliona amemaliza yote aliyotaka kusema kuhusu kanisa. Nimeichukua kama ruhusa. Huna haja ya kuchora jengo zima. Chagua mahali udongo unapokutana na anga, panapokugusa, ufanye hapo tu.

Lakini lililonibadilisha zaidi si mchoro wa mtu yeyote. Safari ya tatu nilikwenda mwezi wa Juni, wakati waumini wanapolikandika upya kanisa lao. Wenyewe wanaita enjarre. Watoto wanachanganya tope na nyasi, vijana wako juu ya ngazi, wazee wanaelekeza. Nilikaa na daftari langu hadi mama mmoja, mtu mzima kuliko mama yangu, akaja kutazama. Aliangalia mchoro, akaangalia ukuta, akaniambia nimeufanya mgumu mno. Kisha akaniita nikaushike.

Alinifundisha kulipiga tope ukutani kwa kiganja, kulivuta juu, halafu kulilainisha kwa kipande cha ngozi ya kondoo kilicholoweshwa. Bibi yangu alitumia kiganja tu, lakini mwendo wa mkono ni ule ule, nusu duara, kutoka chini kwenda juu. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna kingo. Mkono hautengenezi kingo. Kila mpindo niliokuwa nahangaika nao kwa penseli ulikuwa umeachwa na mkono wa mtu.

Akanisimulia pia habari ya saruji. Mwaka 1967 walichoka na kazi ya kila mwaka, wakalipiga kanisa plasta ngumu ya saruji. Saruji ikapasuka, maji ya mvua na theluji yakapenya kwenye nyufa na kukosa pa kutokea, na matofali mabichi yakaanza kuyeyuka ndani kwa ndani bila mtu kuona. Mwaka 1979 wakaibandua yote na kurudi kwenye tope. Nimeona nyumba nyingi kwetu zikiharibika kwa njia hiyo hiyo, mtu anaficha udongo chini ya saruji ili ionekane ya kisasa, na naumia kila ninapoona.

Kwa mchoraji maana yake ni hii: ukuta aliouchora O'Keeffe haupo tena. Ngozi yake ya nje imeoshwa na mvua na kuwekwa upya mara nyingi tangu 1929, na umbo linasogea kidogo kila mkono mwingine unapopita. Kwa hiyo andika tarehe kwenye mchoro wako, siku, mwezi na mwaka. Mimi huandika na saa pia.

Mawili matatu kabla hujaondoka nyumbani. Hilo ni kanisa la parokia, watu wanasali, wanafunga ndoa na kuzika. Ukikuta ibada, funga daftari. Ndani usitoe kamera kabla ya kuuliza. Kwa rangi, usitegemee kahawia ya kwenye kopo: tope likiwa bichi ni la kijivu, likikauka linaelekea waridi, na jioni nyasi zilizomo zinametameta kama dhahabu hafifu, hizo ziachie weupe wa karatasi. Na kama utaenda Juni, beba nguo za kuchafuka, maana hutaachwa ukae tu na penseli.