Ndoa ya bomani na mke wa pili: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada, umeuliza kama mumeo mliyefunga naye ndoa bomani anaweza kuongeza mke kimya kimya. Kwa Tanzania, hawezi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaichukulia ndoa ya serikali kuwa ya mke mmoja. Ili igeuke kuwa ya wake wengi, wote wawili mtamke hivyo kwa hiari yenu mbele ya hakimu au jaji. Akioa bila hilo, ndoa hiyo ya pili ni batili, hata kama wamekula pilau na picha ziko WhatsApp.

Ndoa ya Kiislamu au ya kimila ni habari nyingine: hizo zinahesabiwa kuwa za wake wengi au zinazoweza kuwa hivyo. Hata hapo mke wa kwanza anaweza kuweka pingamizi kwa msajili wa ndoa, kwa mfano kwamba kipato cha mume ni kidogo na yeye na watoto wataumia.

Usichanganye na Kenya. Kule 2014 wabunge wanaume waliondoa kwenye muswada wa ndoa kipengele cha mume kupata ridhaa ya mke kabla ya kuongeza mwingine, wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Mimi nisingewalaumu.

Cheti chako kiweke mahali salama.